HiAce ya dizeli inagoma asubuhi ya baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu Toyota HiAce za zamani, zile za umbo la H100 zilizoanza kutoka mwaka 1989, zenye injini ya 2L, 3L au 5L: silinda nne, pampu ya dizeli isiyotegemea kompyuta, injini imekaa chini ya siti za mbele. Ndizo zinazobeba viazi na abiria Njombe, Makete na Mbeya, na ndizo zinazoamka na umande wa barafu kwenye kioo kuanzia Juni hadi Agosti. Walio Limuru au Kinangop, kule Kenya, watakuta mengi ni yaleyale. Mwenye dizeli nyingine ya enzi hizo, ya Nissan au Mitsubishi, anaweza kusoma pia, ila namba za vipimo asizichukue hapa bila kuzilinganisha na kitabu cha injini yake.

Mchana inawaka kwa mguso mmoja, asubuhi inagoma. Si gari ni lilelile?

Gari ni lilelile, kazi ndiyo tofauti. Dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni inabana hewa mpaka ipate moto wa kutosha kuwasha mafuta yanayopulizwa na nozeli. Injini hizi hubana hewa karibu mara 22, na dizeli hushika moto yenyewe kwenye nyuzi 210 hadi 250 hivi za Selsiasi. Sasa, kubana hewa ni kuzidisha joto ulilonalo. Kwa hesabu ya kukadiria, tofauti ya nyuzi 20 kati ya alfajiri ya Dar es Salaam na alfajiri ya Makete inageuka tofauti ya nyuzi 40 au zaidi pistoni inapofika juu. Na chuma baridi cha silinda kinanyonya sehemu ya joto hilo kabla halijafanya kazi.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo watu wengi hulisahau. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya bahari, na uwanda wa Kitulo unapita mita 2,600. Kwenye mita 2,000 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 78 ya ule wa pwani. Injini inameza hewa pungufu, inabana pungufu. Ndiyo maana mtu ananunua gari Dar, analijaribu siku tatu linawaka kama saa, analipandisha kwao na asubuhi ya kwanza anampigia muuzaji simu ya matusi. Pengine muuzaji hakudanganya. Gari lilikuwa na hita plagi mbili (vijiti vya umeme vinavyopasha silinda joto kabla ya kuwasha) zilizokufa, na pwani hakuna aliyezihitaji.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kwa dizeli anayeumbua ni Juni. Baridi haikuharibu kitu usiku ule. Kilichokuwa kimechakaa tangu Machi ndicho kimejitokeza.

Nianzie wapi kutafuta tatizo?

Anza jioni, maana ubovu wa aina hii una ushahidi wa dakika moja tu kwa siku. Injini ikishawaka mara moja na kupata joto, imekwisha, utasubiri kesho. Kwa hiyo usiamke saa kumi na moja, ukapiga stata mara kumi kwa hasira, halafu ndiyo ukatafute mita. Andaa mita ya umeme, spana namba 8, 10 na 12, tochi, na mtu wa kusimama nyuma kwenye ekzosi. Andika utakachoona. Na ukibadilisha kitu, badilisha kimoja, kisha ngoja asubuhi nyingine. Ukibadilisha betri, filta na hita plagi siku moja, gari likawaka, hutajua ni kipi kilikuponya, na likirudia utaanza upya na mfuko ukiwa mtupu.

Asubuhi yenyewe unatafuta mambo mawili: sauti na moshi. Injini inazunguka kwa kasi yake ya kawaida, au inajivuta? Nyuma kunatoka moshi wakati wa kupiga stata, au hakuna kitu? Majibu hayo mawili yanakata robo tatu ya safari. Ikijivuta, nenda kwenye betri, nyaya, stata na oili. Ikizunguka vizuri na moshi mweupe unatoka bila kushika, mafuta yanafika lakini hayawaki, kwa hiyo tafuta joto: hita plagi kwanza, kompresheni (nguvu ya silinda kubana hewa) mwisho. Ikizunguka vizuri na ekzosi kavu kabisa, mafuta hayafiki. Ikiwaka sekunde chache na kuzima, mara nyingi ni hewa kwenye njia ya dizeli.

Fundi atakayekuambia "ni pampu hii" kabla ya kuuliza habari ya moshi, mshukuru na uondoke.

Moshi mweupe unatoka mwingi lakini haishiki. Ni maji?

Kwa kawaida ni dizeli iliyogeuka mvuke bila kuungua. Nusa: harufu kali inayochoma macho ni dizeli. Habari njema ni kwamba pampu, filta na nozeli vinafanya kazi, angalau kiasi. Kinachokosekana ni joto.

Kama moshi mweupe unaendelea hata injini ikishapata moto, una harufu ya utamu wa kulanti, na maji ya rejeta yanapungua bila kuonekana yanakomwagikia, hiyo ni kesi nyingine: gasketi ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, au hedi yenyewe imepasuka. Injini hizi hazivumilii kuchemka, na hedi ya 2L ina sifa mbaya kwa jambo hilo.

Hakuna moshi hata kidogo. Je?

Washa swichi bila kupiga stata na sikiliza kwenye pampu ya dizeli. Kuna solenoidi ndogo inayofungua na kufunga mafuta. Inapaswa kulia "tik" swichi inapowashwa na "tik" inapozimwa. Kama haifanyi hivyo, pima kama waya wake una volti 12. Kuna wakati ni nati iliyolegea tu, waya unaning'inia. Nimeona gari limevutwa kilomita 30 kwa sababu ya nati ya namba 8.

Solenoidi ikilia na bado hakuna moshi, legeza nati ya bomba la nozeli moja, mwenzako apige stata. Dizeli isipotoka, ruka mpaka swali la hewa, au angalia filta. Dizeli itokayo pale ina mgandamizo mkubwa. Usiweke kidole wala uso karibu.

Taa ya koili kwenye dashibodi inawaka na kuzima kama kawaida. Basi hita plagi ni nzima?

Hapana. Hili ndilo kosa linalopoteza fedha kuliko mengine yote. Taa ile kwenye magari haya inaendeshwa na kisanduku cha muda. Haijui hali ya hita plagi. Unaweza kuzing'oa zote nne, ukaziweka mezani, na taa ikawaka na kuzima kwa adabu zake.

Nazipimaje bila kuzing'oa?

Nyanyua siti, tafuta bati jembamba linalounganisha vichwa vya hita plagi zote nne. Weka waya mwekundu wa mita kwenye bati hilo na mweusi kwenye chuma cha injini. Mwenzako awashe swichi. Injini ikiwa baridi unapaswa kusikia rilei (swichi inayozipa hita plagi umeme) ikigonga "tak" na mita ipande karibu na volti za betri. Kuna mifumo ambayo volti huanza juu kisha hushuka baada ya sekunde chache, kwa sababu ya rilei ya pili na rezista. Hiyo ni kawaida yake. Volti zisipofika kabisa, ubovu uko nyuma: fyuzi kubwa, rilei, au kisanduku cha muda. Usinunue hita plagi.

Volti zikifika, zima swichi, fungua nati ndogo, ondoa bati, ili kila hita plagi ibaki peke yake. Hatua hii watu huiruka, na ukiiruka kipimo hakina maana, maana zote zimeunganishwa na moja nzima itasitiri tatu mbovu. Weka mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, gusanisha nyaya zenyewe kwanza uone zinasoma ngapi, kisha pima kichwa cha kila hita plagi dhidi ya chuma cha injini. Nzima husoma omu kidogo sana, moja au chini ya hapo mara nyingi, baada ya kutoa ile ya nyaya. Iliyokatika haisomi chochote.

Huna mita? Chukua balbu ya taa ya breki yenye nyaya mbili. Waya mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine gusa kichwa cha hita plagi. Balbu ikiwaka, haijakatika. Isipowaka, imekufa.

Tatizo ni kwamba hita plagi inaweza kusoma vizuri na bado isipate moto wa kutosha. Ukiwa na shaka, ing'oe taratibu injini ikiwa na uvuguvugu, ishike kwa koleo, ipe betri: ncha inapaswa kuwa nyekundu ndani ya sekunde chache, na wekundu uanzie nchani. Ikianza kuwa nyekundu katikati au karibu na uzi, imechoka. Ikigoma kutoka kwenye hedi usiitumie ubabe. Ncha iliyovimba hukatikia ndani, na kipande kikidondokea silinda utashusha hedi.

Hita plagi moja ikifa, wengi hawatambui. Mbili zikifa, alfajiri ya nyuzi 5 unaanza kusali. Ubovu wa moja kwa kawaida unajitaja hivi: gari linawaka, linatikisika kama lina homa, moshi mweupe nusu dakika au dakika, halafu linatulia. Silinda moja ilikuwa imelala.

Nilibadilisha zote nne, zikaungua tena ndani ya wiki. Nimeuziwa feki?

Inawezekana, bandia zimejaa. Lakini uliza kwanza kuhusu volti. Toyota ilitumia hita plagi za volti tofauti kwenye injini za familia hii, na zote zinaingia kwenye tundu lilelile kwa uzi uleule. Ya volti ndogo ukiifunga kwenye mfumo unaoipa volti 12 moja kwa moja, itawaka vizuri ajabu siku mbili tatu, utamsifu fundi, kisha itaungua. Ya volti 12 kwenye mfumo wa volti ndogo nayo haitaungua, ila haitapata moto. Utasema mpya hazisaidii. Volti huandikwa kwenye mwili wa hita plagi. Linganisha na ya zamani, na kama gari limepita mikono mingi, linganisha na namba ya kitabu, maana huenda ya zamani nayo iliwekwa na mtu wa kubahatisha.

Sababu nyingine ni rilei iliyoganda ikiwa imefunga, inazipa umeme muda wote. Pima bati lile injini ikishapata moto: linapaswa kuwa sifuri. Na nozeli inayomwaga badala ya kupuliza ukungu hula ncha ya hita plagi ya silinda yake. Ikiwa ni ileile moja inayokufa kila mara, shuku nozeli iliyo jirani yake.

Betri ni mpya lakini injini inajivuta. Kwa nini?

Mpya haina maana imejaa. Gari likiwa limelala usiku kucha, betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 ina nusu tu, na 12.0 ni ya kulaza gari. Kwenye nyuzi sifuri betri hata nzima inaweza kupoteza robo au theluthi ya nguvu yake ya kusukuma stata, na asubuhi hiyohiyo hita plagi zinavuta umeme mwingi kabla stata haijaanza. Dizeli hizi wengi huzifungia betri ya ukubwa wa N70. Mwenye kufunga betri ndogo ya gari la petroli ili aokoe fedha, baridi itamdai.

Sasa pima wakati stata inazunguka. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, betri ni dhaifu au stata inakula kupita kiasi. Ikibaki juu, tuseme 11, na bado injini inajivuta, umeme unapotelea njiani. Weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri chenyewe na mwingine kwenye chuma cha injini, piga stata: ikisoma zaidi ya nusu volti, waya wa hasi au mahali ulipofungwa pameoza. Fanya hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi boliti ya stata. Kipimo hiki hakina gharama yoyote. Mimi nilibadilisha betri na stata ndipo nikajifunza, na kilichokuwa kibovu ni kipande cha waya wa hasi kati ya injini na chesisi, kimejaa kutu ya kijani chini ya mpira.

Usisahau kupima chaji pia: injini ikiwaka, kati ya 13.8 na 14.4. Gari la ruti fupi zenye taa, redio na kuzima kila kituo huenda halijazi betri kamwe.

Napiga funguo, nasikia "tak" moja tu, kimya. Nikirudia mara tano inakubali.

Kama betri ni nzima, hizo ni shaba za ndani ya solenoidi ya stata zimelika. Ni ubovu maarufu wa stata hizi za Toyota. Shaba zenyewe na kile kitufe kinachozigusa vinauzwa peke yake na ni bei ndogo sana ukilinganisha na stata nzima. Usikubali kuuziwa stata kabla haijafunguliwa.

Natumia oili namba 40, ile nzito, kwa sababu injini ni ya zamani. Kuna ubaya?

Pwani, ni mjadala. Kitulo, ni kosa. Oili ya SAE 40 peke yake haina kipimo chochote cha baridi; alfajiri inakuwa kama asali, na stata inatumia nguvu kuikoroga badala ya kuizungusha injini. Dizeli ikizunguka polepole, hewa inapata muda wa kuvuja kwenye ringi za pistoni na joto linapotea kwenye chuma, kwa hiyo oili nzito inakuumiza mara mbili. Weka 15W-40 ya dizeli. Hiyo W ni ya majira ya baridi. Wengine wanaogopa kwamba oili nyepesi "italiwa". Ikipata moto, zote mbili ni daraja la 40.

Ukipiga stata kanyaga klachi pia. Giaboksi nayo imejaa oili baridi, na hakuna haja ya stata kuibeba.

Inawaka sekunde mbili tatu, inazima, kisha nahangaika nayo robo saa. Mchana haina shida kabisa.

Hewa. Pampu za injini hizi zinanyonya dizeli zenyewe kutoka tangi. Hakuna pampu ya umeme inayosukuma. Upande wote wa kuanzia tangi hadi pampu uko katika hali ya kunyonya, kwa hiyo tundu dogo halimwagi dizeli nje, linaingiza hewa ndani. Utatafuta unyevu na hutauona. Usiku dizeli inarudi taratibu tangini, na hewa inakaa mahali pake. Asubuhi injini inawaka kwa kile kilichobaki ndani ya pampu, kisha inakutana na mapovu.

Kuna majaribio mawili ninayoyapenda kwa sababu ni ya bure. La kwanza ni la mteremko: usiku mmoja egesha gari pua ikitazama juu, usiku mwingine pua ikitazama chini, ili tangi liwe juu ya injini. Likiwaka vizuri zaidi siku ya pili, tatizo ni hewa. La pili ni la pampu ya mkono iliyo juu ya filta. Asubuhi, kabla ya kugusa funguo, ibonyeze. Ikiwa ngumu mara moja, mafuta yapo. Ikiwa laini na unabonyeza mara ishirini ndiyo inakaza, dizeli ilirudi. Baada ya kukaza, piga stata. Ikishika papo hapo, umepata jibu kabla ya chai.

Kutafuta tundu lenyewe ndiyo kazi. Funga kipande cha mpira unaoonesha ndani kati ya filta na pampu, uwashe, utazame mapovu. Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua. Washukiwa wa kwanza: ile pampu ya mkono, mpira wake wa ndani hupasuka, vipande vya mpira vilivyokauka karibu na tangi, washa za shaba ambazo fundi alizirudisha mara ya tatu bila kununua mpya, na vipira vya kurudisha mafuta juu ya nozeli. Mpira wa zamani hunywea na kukakamaa kwa baridi, ndiyo maana mchana unaziba na alfajiri unavuja.

Kufunga klipu kwa nguvu zaidi juu ya mpira uliokufa hakusaidii. Kata, badilisha.

Je, dizeli inaweza kuganda kwetu?

Dizeli ina nta ndani yake, na ikipoa vya kutosha nta hiyo hujitenga, mafuta yanakuwa kama maji ya mchele na kuziba filta. Dizeli ya nchi za joto haichujwi nta kwa ajili ya barafu, kwa hiyo Kitulo usiku wa chini ya sifuri si jambo la kucheka. Lakini wengi waliokuja wakisema imeganda, walikuwa na hewa au maji. Toa dizeli kidogo kwenye chupa inayoona ndani, alfajiri hiyohiyo. Ikiwa na ukungu mweupe unaopotea chupa ikikaa juani, ni nta. Ikitengana, tabaka safi chini, ni maji. Fungua kizibo cha chini ya filta uyamwage mpaka dizeli tupu itoke. Tangi lililo nusu linakusanya unyevu usiku, basi jaza jioni kama mfuko unaruhusu.

Madereva wengine huchanganya mafuta ya taa. Nami nichanganye?

Kwa mafuta, ni kweli yanapunguza kuganda. Kwa pampu, ni taabu: pampu hizi hazina oili yake, zinalainishwa na dizeli inayopita ndani, na mafuta ya taa ni makavu. Pampu kukarabatiwa ni gharama ya msimu mzima wa viazi. Isitoshe huo ndio uchakachuaji wenyewe, ambao kwa ajili yake Tanzania ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Hatua hizo zililenga kuondoa unafuu wa bei.

Fundi anasema kompresheni imekwisha, tushushe injini. Nimwamini?

Mwambie apime kwanza, mbele yako, kwa geji ya dizeli, betri ikiwa imejaa, hita plagi zote nne zimetolewa. Kwa kawaida injini ya familia hii iliyo nzima hutoa karibu psi 450 (psi ni kipimo cha mgandamizo), na ikikaribia 290 imefika kikomo. Silinda zisipishane zaidi ya psi 70 hivi.

Namba hizo lakini ni za usawa wa bahari. Njombe, hewa ikiwa asilimia 78, injini nzima kabisa itasoma kama psi 350, na fundi mwenye karatasi ya pwani atakuambia imechoka. Nimeona injini ikishushwa kwa kosa hilo. Juu huku, tazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Tatu zikisoma 350 na moja 240, hiyo moja ina neno. Mimina kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena: ikipanda sana ni ringi; isipopanda ni valvu au gasketi.

Valvu zisizorekebishwa miaka mingi nazo hupunguza kompresheni asubuhi, na kurekebisha ni kazi ya nusu siku, si ya kushusha injini.

Tatizo lilianza baada ya kubadilisha taimingi belti.

Basi usitafute mbali. Belti hiyo inazungusha pia pampu ya dizeli. Jino moja likikosewa, mafuta yanaweza kuingia kwa kuchelewa. Ikiwa moto utasikia imepoteza nguvu kidogo tu, ikiwa baridi haishiki na inatoa moshi mweupe. Irudishwe kwa aliyeifunga, alama zikaguliwe.

Spirei ya etha, kitambaa chenye petroli, moto chini ya injini?

Etha na hita plagi ni ugomvi: hita plagi ni nyekundu, etha inalipuka kabla pistoni haijafika juu, na unaweza kuvunja ringi au pistoni. Petroli kwenye kitambaa mbele ya mdomo wa hewa ni ileile, pamoja na kuunguza nyusi. Moto wa kuni chini ya kata ya oili nimeuona mwenyewe, na nimeona pia nyaya za stata zilivyobaki baada yake.

Maji ya moto ndiyo yenye afadhali, kama yanamwagwa kwenye matambara yaliyowekwa juu ya manifoldi ya kuingiza hewa. Usiyamwage kwenye pampu ya dizeli iliyo baridi. Inaweza kupasuka au kukwama.

Kuisukuma je?

Kwa gia ya pili au ya tatu, kwenye mteremko, swichi ikiwa imewashwa na hita zimeshapata muda wake. Usivutwe na lori kwa kamba: mshtuko unaweza kurusha belti jino, na ukishafika hapo tatizo lako si baridi tena.

Ninaweza kupiga stata kwa muda gani?

Sekunde kumi, pumzisha nusu dakika, rudisha hita, jaribu tena. Baada ya mara nne acha, tafuta sababu.

Mwenye gari kabla yangu alitoa themostati. Inahusika?

Kwenye kuwaka, hapana. Kwenye kutulia baada ya kuwaka, sana. Injini inachukua nusu saa kupata joto, inakula dizeli, na kwenye pampu zenye kile kifaa cha nta kinachopandisha sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) wakati wa baridi, kifaa kinaendelea kudhani ni alfajiri. Rudisha themostati. Ilitolewa kwa sababu injini ilikuwa inachemka, kwa hiyo tafuta na hilo pia.

Yangu ina injini ya 1KZ-TE. Haya yote yananihusu?

Betri, stata, oili, hita plagi na hewa, ndiyo. Lakini pampu yako inaongozwa na kompyuta, na kihisi cha joto la maji kikidanganya kwamba injini ni ya moto, hita hazipewi muda wa kutosha na mafuta hayaongezwi. Pima kihisi hicho kabla ya kugusa pampu. Na kama yako inagoma ikiwa moto, si baridi, uko kwenye ugonjwa mwingine usiojibiwa hapa.

Nikilipeleka gereji nimwambie fundi nini?

Mpe ulichoandika: nyuzi zilikuwa ngapi au kulikuwa na barafu, injini ilizunguka vipi, moshi wa rangi gani, ilichukua sekunde ngapi, na gari lililala limetazama wapi. Kisha muhimu kuliko yote, usilipeleke asubuhi likiwa limeshawaka. Lipeleke jioni, mwachie funguo, lilale kwake nje kwenye baridi, na umwombe asiliwashe mpaka wewe ufike saa kumi na mbili. Akikataa kuamka saa hiyo, tafuta anayeamka.